Kabla Hujashuka Sekenke

Ziba, Igunga

Mwanangu,

Shangazi yako alilazwa hospitali ya Nkinga, sasa yuko nyumbani na ameanza tena kugombana na watu juu ya chumvi, kwa hiyo amepona. Mvua zilichelewa, mpunga tumepanda hivyo hivyo. Mengine atakwambia mama yako.

Nakuandikia kwa sababu ya picha. Kijana wa hapa jirani, yule anayeendesha basi la Arusha, alipita kunisalimia, akatoa simu yake akaniuliza, "Mzee, huyu si mwanao?" Nikavaa miwani. Nikaiona ile Kosta uliyoigeuza nyumba, imesimama kituo cha mafuta Babati. Nyuma umechomelea vyuma, umesimamisha pikipiki. Nyuma ya pikipiki tena kuna kigari cha Suzuki, kimefungwa kwa chuma cha kuvutia. Watu wamezunguka wanacheka. Nikaambiwa ulikuwa kwenye majaribio tu, na kwamba mwezi ujao unakuja na msafara huo huo mpaka hapa, halafu Tabora, halafu Ujiji, na wazungu wawili ndani. Usingizi ulinipaa.

Usije ukasema wazee hawapendi jipya. Hilo wazo la kuwapitisha wageni njia ya misafara nalipenda sana. Njia yenyewe imo tangu 2006 katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Lakini mgeni akifika Kwihara analizunguka tembe la Livingstone, anapiga picha, saa moja haijaisha amekwishaondoka. Mwenye kitanda na jiko lake garini anaweza kukaa hata siku tatu, akanunua kuku, akauliza maswali. Pikipiki nayo naielewa, maana Kosta haipiti kila kichochoro. Hata Suzuki naielewa. Ninachokataa ni vyote vitatu kushikana mikia kwa safari moja, wewe peke yako kwenye usukani, eti kwa sababu hutaki kumlipa dereva wa pili.

Sisi ni watu wa mizigo, na hili ulipaswa kulijua kabla ya kununua hivyo vyuma. Baba yake babu yangu alikwenda pwani na misafara. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na Mnyamwezi aliubeba begani. Ukifungwa mzega, nusu ncha hii ya mti na nusu ncha ile. Babu alisema asubuhi watu hawakugombania uzito tu, waligombania ulinganifu: ncha ya nyuma ikizidi, ya mbele inanyanyuka, na mwenye mzigo anakwenda upande upande mpaka jioni bega limechubuka. Kosta yako ni mzega, mwanangu, na ekseli ya nyuma ndiyo bega.

Chukua kalamu. Tuseme pikipiki ina kilo 110, na vyuma ulivyochomelea vina 30. Jumla 140. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ilipokaa pikipiki ni kama mita 2.5, na kati ya ekseli mbili za Kosta ni karibu mita 4. Wewe unadhani umeiongezea ekseli ya nyuma kilo 140. Umeiongezea kama 227. Hizo 87 za ziada umezitoa mbele, kwenye tairi za usukani, ambazo ndizo zinazokuonyesha njia. Na kwa kuwa pikipiki imechukua nafasi, nimeona umerefusha chuma cha kuvutia ili kiipite. Kila ulivyokirefusha ndivyo ulivyoipa Suzuki nguvu ya kuusukuma mkia wa Kosta kushoto na kulia. Kwenye lami iliyonyooka hutahisi kitu. Ndiyo maana Babati ulikuwa unacheka na wewe.

Wala usiniambie mizani imekuruhusu. Najua gari la zaidi ya tani 3.5 lazima lipimwe, na najua sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inayotumika hapa kwetu tangu 2019. Sheria hiyo inailinda barabara. Ekseli moja yenye tairi nne inaruhusiwa tani 10, na Kosta haifiki hapo hata ukiipakia mawe. Yule wa mizani atakupungia mkono upite. Kazi yake si kukwambia usukani wako umebakiwa na nini.

Sasa nikueleze jambo ambalo baba yako, mdogo wangu, analijua nusu, maana kila nilipoanza kulisimulia aliondoka.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, mafuta ya kupanga foleni, magari binafsi yamekatazwa barabarani Jumapili mchana. Mimi nilikuwa utingo. Tulitoka Singida na lori la magunia, tunavuta lori jingine la tajiri huyo huyo, na dereva wake amekaa ndani ashike usukani. Lile la nyuma halikuwa bovu sana, ila mafuta hayakutosha malori mawili, kwa hiyo ikaonekana akili kutumia injini moja. Misigiri tukakuta mtu ana mashine ya kusaga, anataka ifike Igunga. Dereva wetu, ambaye jina lake naliacha, akapatana naye bei. Nafasi ilikuwa wapi? Nyuma kabisa, juu ya bamba la mkiani. Tukaifunga kwa minyororo. Nikasema, "Bosi, mbele kumekuwa kwepesi." Akanijibu kwamba utingo hana leseni.

Wewe barabara ya mlima Sekenke unaijua ya lami. Ile ilikuwa kokoto na makorongo. Kileleni alipaswa kusimama, breki zipoe, atie gia nzito, ndipo tuteremke. Akashuka na gia aliyokuwa nayo, akitegemea breki. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili nilimwona kwa macho yangu akizungusha usukani wote kulia, na lori likaendelea mbele kama halijaambiwa kitu. Tairi za mbele zilikuwa zinagusa tu ardhi, hazikuishika. Wakati huo lori la nyuma linatusukuma, limeanza kuja ubavuni. Breki zilikuwa zimeungua, moshi unaingia mpaka kwenye kabini. Nikaruka na gogo, nikalitupa chini ya tairi ya nyuma. Likapasuka. La pili likashika, lori likaegemea ukingo wa mlima, upande wa mlima na si wa bonde, namshukuru Mungu mpaka leo. Minyororo ilikatika. Mashine ya kusaga iliruka ikaangukia kabini ya lori la nyuma, na yule dereva aliyekuwa amekaa tu akishika usukani wa gari lililozimwa alivunjika miguu yote miwili. Tulimfikisha Kiomboi kwa gari la kuomba. Hakuendesha tena. Alifungua kibanda cha sigara na viberiti, na kila nilipopita aliniita kwa sauti nikanywe chai.

Mwenye mashine alikataa kulipa. Na mimi yale magogo mawili hakuna aliyenishukuru, ila leseni nilipopata niliitunza safi mpaka nilipostaafu, na wewe umejifunzia mikononi mwangu, si mwa baba yako. Baba yako ndiye aliyeazima mkokoteni wangu wa ng'ombe, akarundika magunia yote nyuma ili fahali wasichoke shingo, kama alivyosema, nira ikapaa juu na mti ukavunjika. Hajanilipa. Usirithi kila kitu.

Ukishuka Sekenke ukitokea Arusha huna njia ya kuikwepa kirahisi, ni Katesh, Singida, Misigiri, halafu ni yenyewe, ndipo Shelui na mbuga ya Wembere. Nadhani sasa unaelewa kwa nini ile picha ilininyima usingizi. Suzuki yako ina uzito wa tani moja hivi, na injini imezimwa, hakuna mtu ndani, breki zake zimelala. Tani nzima hiyo itasimamishwa na breki za Kosta peke yake, Kosta ambayo mbele umeipunguzia uzito.

Mengine ni madogo, lakini yasome. Kama hiyo Suzuki ni otomatiki, fungua propela shafti kabla ya kuivuta, au ipakie juu ya tela; mafuta ya giaboksi yanazungushwa na pampu ya injini, injini ikizimwa na magurudumu yakizunguka unaiunguza. Hakikisha usukani wake haujajifunga. Pikipiki imeziba taa za nyuma na namba, weka nyingine mwisho wa msafara. Ekzosi ya Kosta inatokea wapi? Nimeikuza ile picha, naona inapulizia tairi ya pikipiki. Petroli ya pikipiki imwage, maana wageni wanalala hatua mbili kutoka hapo na mtungi wa gesi umo ndani. Sheria inakuruhusu kilomita 80 kwa saa, wewe usipite 60. Kona kali za stendi usijaribu kurudi nyuma na gari lililofungwa kwa chuma, shuka ulifungue. Na wageni wako waeleze kwamba dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitumia Tabora 1916 kugonga sarafu za rupia 15, zenye tembo, vita vilipowabana. Wazungu wanapenda mambo hayo, nami nitawaeleza vizuri zaidi wakifika.

Lakini narudi kwenye ile pikipiki. Chagua moja. Ukitaka kuvuta Suzuki, ivute, pikipiki ibaki Arusha, au iingize ndani ya Kosta, ifungwe katikati ya ekseli mbili, wageni wavumilie harufu siku mbili. Ukitaka pikipiki nyuma, basi Suzuki iendeshwe na mtu. Binamu zako wawili wana leseni na hawana kazi, na mmoja anajua Kiingereza kukushinda. Mshahara wa dereva wa siku mbili sitaki kuulinganisha na bei ya kitu chochote, wewe mwenyewe unajua hesabu. Yale maji uliyoweka kwenye pipa nyuma ya kitanda nayo yahamishie mbele, chini ya kiti cha abiria. Sijui nani alikuambia uyaweke kule.

Mama yako nimemwambia ile picha ni ya gari la mtu mwingine. Usiniumbue.

Ukifika Singida nipigie simu, saa yoyote, kabla hujaanza kuelekea Misigiri. Kama pikipiki bado iko nyuma, ishushe hapo hapo stendi, uikabidhi kwa yule ndugu yetu mwenye duka la vipuri, na funguo umpe. Nitamtuma mdogo wako aje na basi la asubuhi aiendeshe mpaka Ziba. Nauli na mafuta utalipa wewe.

Mimi baba yako mkubwa.