Orodha Isiyokuwa na Kaseja

Mwanzoni mwa mwaka 2009 Tanzania nzima ilikuwa na bashasha, isipokuwa kwetu Ujiji, Kigoma. Ujiji tulikuwa tumenuna.

Bashasha ile ilikuwa na sababu. Mara ya mwisho Taifa Stars kucheza fainali za mashindano makubwa ya Afrika ilikuwa Machi 1980, kule Nigeria. Walifungwa 3-1 na wenyeji, wakafungwa 2-1 na Misri, wakatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, wakarudi nyumbani. Baada ya hapo ikawa miaka 29 ya kuhadithiwa. Tulikua tukiyajua majina ya akina Peter Tino, Thuwein Ally na Jella Mtagwa kama mtu anavyoyajua majina ya mababu waliokufa kabla hajazaliwa. Sasa Shirikisho la Soka la Afrika lilikuwa limeanzisha CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Ya kwanza kabisa ilikuwa inaanza Ivory Coast tarehe 22 Februari, timu 8 tu, na sisi tumo. Tulikuwa tumewatoa Kenya, Uganda na Sudan. Hata rais wa shirikisho la soka la Tanzania, TFF, wakati huo, Leodegar Tenga, alikuwa mmoja wa wachezaji wa kikosi kile cha 1980. Ilionekana kama deni la zamani linakwenda kulipwa.

Kununa kwetu nako kulikuwa na sababu, tena moja tu: Juma Kaseja hakuitwa.

Asiye mtu wa Kigoma atauliza, kipa mmoja ana nini? Kaseja alizaliwa kwetu mwaka 1985. Si mrefu, na makocha wanapenda makipa warefu. Lakini mwaka 2003 Simba walipokwenda Cairo na kuwavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa mikwaju ya penalti, aliyekuwa langoni ni yeye, kijana wa miaka 18. Kabla ya hapo, kwenye mechi zetu za mchangani, goli alikuwa anasukumiwa mtoto mnene au yule asiyejua kupiga chenga. Baada ya Cairo mambo yalibadilika. Watoto walipigana ngumi kugombea goli. Ukipita saa kumi jioni unaona mtoto anajirusha kwenye vumbi kudaka mpira wa makaratasi ambao ungeweza kusimamishwa kwa mguu, halafu anainuka kajaa vumbi hadi kope, anajitangazia mwenyewe: "Kasejaaa!"

Na sisi ni watu wa mwisho wa reli. Mwaka ule treni ya kati ilikuwa taabani, barabara ya Tabora ilikuwa ya vumbi na matope kwa zamu, umeme ulikuwa wa majenereta unaokuja na kukatika upendavyo. Vitu vingi vilitufikia vikiwa vimechelewa, vikiwa vimepanda bei. Mchezaji ndiye aliyekwenda njia ile kwa upande wa pili, kutoka kwetu kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa tunapeleka dagaa, migebuka na mawese, lakini huko hakuna anayeuliza mgebuka huu katoa nani. Kipa wa taifa anatajwa kwa jina.

Siku orodha ilipofika nilikuwa barazani kwa mjomba wangu, fundi cherehani, si mbali na soko la Ujiji. Lile baraza ndilo lilikuwa kijiwe chetu: cherehani mbili, benchi moja lililopinda katikati, redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Gazeti la michezo lilikuja na basi, likiwa limeshasomwa na kondakta na nusu ya abiria. Akatokea mvuvi mmoja, mtu wa makamo, ametoka kuuza, magamba ya samaki bado yamemganda mikononi. Hakutaka kulishika gazeti asilichafue.

"Nisomee makipa tu, mwanangu," aliniambia.

Nikasoma. Shaaban Dihile. Deogratias Munishi. Nikamalizia mstari.

"Umeruka jina."

"Sijaruka, mzee wangu."

"Soma tena."

Nikasoma tena, pole pole, nikifuatisha kwa kidole ili naye aone, ingawa hakujua kusoma. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Basi hatuna timu," akajitwisha beseni lake tupu akaondoka. Hakutaka kusikia mabeki ni akina nani.

Lazima niwe mkweli kuhusu kocha aliyeiandika orodha ile, Marcio Maximo, kwa sababu Ujiji hatukuwa wakweli juu yake. Yule Mbrazili aliikuta Taifa Stars mwaka 2006 ikiwa timu ambayo mtu anaishabikia kwa aibu. Mashabiki walikuwa wa Simba na wa Yanga, wa taifa hapakuwa na wengi. Ndani ya muda mfupi watu wakaanza kuvaa jezi za taifa mitaani. Akaifunga Burkina Faso nyumbani, akaifuata kwao Ouagadougou akaifunga tena kwa bao la Erasto Nyoni. Tulikosa fainali za Afrika za 2008 baada ya kufungwa 1-0 na Msumbiji Septemba 2007, katika uwanja mpya wenye viti 60,000, lakini mwaka uliofuata Cameroon ya Samuel Eto'o ilikuja Dar es Salaam ikaondoka na sare ya 0-0. Aliamini vijana, akaamini nidhamu, na akishaamini hageuzwi na kelele za magazeti. Mrisho Ngassa na Jerry Tegete walikuwa wadogo sana alipowakabidhi jezi. Mtu wa namna hiyo ana faida na ana gharama, na gharama yake ilituangukia sisi.

Kwa nini hasa hakumtaka Kaseja? Barazani kila mtu alikuwa na jibu lake. Maneno yalikuwa yametoka Dar es Salaam, yamepita midomoni mwa watu Morogoro, Dodoma na Tabora, na kila kituo kimeongeza chumvi yake. Jambo likaingiliwa pia na usimba na uyanga. Kaseja alikuwa amehama Simba kwenda Yanga mwaka 2008. Wana Simba wa Ujiji walimnunia kwa kuhama, lakini walimnunia Maximo zaidi, na hapo ndipo nilipoona mtu na jirani yake waliokuwa hawasalimiani tangu usajili ule wakikaa benchi moja kumsema kocha.

Walikuwapo waliomtetea Maximo, wachache. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kila alasiri kuvaa miwani yake na kusoma gazeti zima hadi matangazo ya vifo. Yeye aliifuata Taifa Stars ya 1980 kwa redio, na hoja yake ilikuwa fupi. Kocha hachagui wachezaji bora, alisema, anachagua watu ambao yuko tayari kufukuzwa kazi kwa ajili yao. Mjomba, kwa kuwa Mwalimu alikuwa na deni la suruali mbili, alijiona ana haki ya kumkatiza: "Basi na afukuzwe, Mwalimu."

Hata hivyo, mtu hanuni siku zote. Zilipobaki siku chache mazungumzo yakahamia kwenye matumaini. Kundi letu lilikuwa na wenyeji Ivory Coast, Senegal na Zambia. Ukizisikia nchi hizo hivi hivi unakata tamaa, lakini sheria ya CHAN ilikuwa imezipunguza. Drogba hayupo, ndugu wawili akina Touré hawapo, wote wako Ulaya. Sisi karibu timu yetu yote ilikuwa ya nyumbani. Umaskini wetu wa kutokuwa na wachezaji nje ukawa mtaji. Tulikuwa na Nadir Haroub "Cannavaro" nyuma, Shadrack Nsajigwa pembeni, Henry Joseph katikati, na Ngassa mwenye mbio ambazo beki hazizoei kwa dakika 90.

Zambia ndiyo iliyotutia wasiwasi, na kwetu haikuwa nchi ya kusikia. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani, ilikuwa inashuka ziwa hadi Mpulungu na kurudi, na mabaharia walikuja na habari. Walisema Wazambia hawana presha, wanacheza mpaka filimbi ya mwisho. Ilikuwa habari sahihi kuliko tulivyotaka.

Akatokea na mfanyabiashara mmoja wa vitenge kutoka ng'ambo, Mkongo wa Kalemie, aliyekuwa akija kushonesha kwa mjomba. Alitusikiliza tunavyogombana juu ya kipa mmoja hadi akachoka. "Ninyi munalia kipa," alisema. "Sisi tuko na Mputu, na yeye haiko Ulaya. Iko Lubumbashi. Mazembe inamulipa muzuri." Tukamcheka. Trésor Mputu kwetu alikuwa jina tu la upande wa pili wa maji.

Mashindano yalipoanza ndipo nilipoona jambo ambalo limenikaa hadi leo. Mechi ya kwanza Senegal walitufunga 1-0. Bao lilipotangazwa redioni, barazani pale palitokea kelele mbili. Moja ilikuwa ya maumivu. Nyingine ilikuwa ya watu wazima, Watanzania wenye kadi za kupigia kura, wakisema "Si tulisema?" kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu alivua miwani akawatazama mmoja mmoja. "Mnaipenda nchi hii," aliwauliza, "au mnapenda kuwa mmesema?" Hakujibiwa. Mjomba alijifanya anatafuta bobini.

Kuachwa kwa mtu wenu kunakugawa hivyo. Unataka timu ishinde, na kuna kijisehemu ndani kinataka ishindwe kwa njia itakayoonyesha kwamba nyinyi ndio mlioona. Vyote viwili vinakaa kwenye kifua kimoja, tena bila kugombana, hadi mpira uingie wavuni.

Siku tatu baadaye Ngassa aliwafunga wenyeji, tukashinda 1-0 mjini Abidjan. Kumfunga Ivory Coast kwao! Vijana walikimbia hadi karibu na mnara wa Livingstone na kurudi. Yule mvuvi wa beseni alikuja usiku ule kusikiliza marudio, akasimama mlangoni, hakukaa, kama mtu aliyekuja msibani kwa adui yake. Lakini alikuja.

Halafu Zambia, tarehe 28. Nsajigwa akatupatia bao. Tukiwa mbele 1-0 tulikuwa tunakwenda nusu fainali, na ninakumbuka kwamba wakati ule hakuna aliyemtaja Kaseja. Dakika zikayeyuka. Mwishoni kabisa, pale ambapo mtu ameshaanza kusimama aende zake, Wazambia wakasawazisha. Tulimaliza na pointi 4, Zambia na Senegal wana 5 kila mmoja. Palikuwa kimya kidogo tu, kisha mtu fulani gizani akalitaja jina tulilojua litatajwa. Safari hii Mwalimu hakusema kitu.

Kongo wakaendelea. Waliwatoa Zambia kwenye nusu fainali, na tarehe 8 Machi wakaifunga Ghana 2-0 na kubeba kombe la kwanza la CHAN. Mputu akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Ufukweni Kibirizi waliimba Wakongo na tukaimba nao, kwa kuwa kombe lilikuwa limevuka Afrika nzima likatua ng'ambo tu ya ziwa letu. Mfanyabiashara wa vitenge alilipa soda za baraza zima, asituache tusahau aliyotuambia.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Maximo aliondoka 2010, akaja Jan Poulsen wa Denmark, Kaseja akarudi langoni, na Desemba mwaka ule Tanzania ikatwaa Kombe la Chalenji. Miaka ikapita, wakaja makipa wengine. Kisha Agosti 2019, akiwa na miaka 34 na watu wengi wakidhani habari yake imekwisha, kocha wa muda Etienne Ndayiragije alimsimamisha langoni katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, dhidi ya Kenya, kuwania kufuzu CHAN. Tukashinda kwa penalti 4-1. Mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya Burundi, majirani zetu wa ziwa na nchi ya kocha mwenyewe, kwenye kufuzu Kombe la Dunia: sare ya 1-1 Bujumbura, 1-1 Dar es Salaam, kisha penalti 3-0. Ujiji tulipiga kelele ya miaka kumi.

Wapo wanaosema Kasarani ilimaliza ubishi wa 2009. Mimi sioni hivyo. Kasarani ilionyesha Kaseja ni kipa wa aina gani, jambo ambalo Maximo mwenyewe sidhani kama alilikana. Haikuonyesha kwamba lile bao la Zambia lingeokolewa, wala haifuti ukweli kwamba timu bila yeye ilifika mahali ambapo kwa miaka 29 hakuna timu yetu iliyofika, na ikabakiza dakika chache tu iende mbali zaidi. Kocha alikuwa na haki ya kuchagua. Sisi nasi tulikuwa na haki ya kuambiwa sababu waziwazi na mapema, badala ya kuokota uvumi kituo kwa kituo.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa fainali za Afrika, na orodha ya safari hiyo italeta ugomvi mkubwa kuliko wetu, maana kila mkoa utakuwa na mtoto wake aliyeachwa. Na wagombane. Mji usiogombana juu ya orodha ya taifa ni mji ambao haujawahi kutoa mchezaji. Ninachowaomba ni kimoja: siku ya mechi kocha asemwe baada ya filimbi, si kabla, na atakayesema "si tulisema" timu ikifungwa, benchi la mbele asipewe.