Sadaka Haifuti Haki ya Mfanyakazi

Baada ya swala ya Ijumaa moja, tuliletewa msikitini kwetu, katika Kata ya Ramadhani, Njombe, habari za kijana wetu aliyekuwa akifanya kazi katika sheli moja ya Makambako. Makambako ni njia panda ya barabara ya Zambia na ya Songea. Malori hupita usiku kucha, na vijana wa pampu hukesha nayo. Lori moja liliondoka mpira wa mafuta ukiwa bado tangini, ukamvuta kijana, akavunjika mguu.

Tulitandaza kitambaa mlangoni, waumini wakatoa walichojaaliwa. Tukarudi majumbani tukiwa na utulivu wa watu waliotimiza wajibu. Mama yake alipokuja kushukuru, alituuliza kwa upole: "Wanangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini tajiri wake hapaswi kutoa chochote?"

Jibu tulikuwa nalo, ila tulikuwa tumelinyamazia. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, mwenye sheli kumi au duka la muuzaji mmoja, anapaswa kujisajili na kuchangia. Katika sekta binafsi mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara: kwa anayelipwa shilingi 200,000, ni shilingi 1,000 tu kwa mwezi, wala hairuhusiwi kumkata mfanyakazi. Aumiapo kazini, Mfuko hugharamia matibabu na kumlipa fidia. Akifariki, hulipwa wategemezi wake.

Tulimfuata tajiri, ndugu yetu katika imani. Alisema bima ina utata kidini. Tulimjibu kuwa mjadala wa masheikh juu ya bima za biashara hatuudharau, lakini alipoyakatia bima magari yake utata huo hakuukumbuka. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza: "Na mlinzi wa msikiti, mmemsajili?"

Tuliinamisha vichwa. Mlinzi wetu hulinda katika baridi ya Njombe, mwalimu wa madrasa hufundisha watoto wetu, na hatukuwahi kuwaandikisha. Tulihesabu ujira wao kuwa thawabu zaidi ya haki, ilhali Mtume (SAW) ametuusia kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka.

Wiki ile tuliwasajili wote wawili. Tajiri naye akasajili vijana wake. Madai ya kijana tuliyawasilisha mapema, kwa kuwa sheria imeweka muda wa miezi 12 tangu ajali itokee.

Ndugu Waislamu, sadaka ni nuru, wala tusiache kuitoa. Lakini tusimpe mtu kwa jina la sadaka kile ambacho tayari ni chake. Kila mwenye duka, sheli au msikiti ajiulize leo, kabla hajaulizwa kesho.

Wabillahi tawfiq.