Upepo wa Nyakabiga kwenye skrini ya Kakuma

Ramani ya upepo ni mishale tu. Kila mshale unasema mambo mawili: upepo unaelekea wapi, na una nguvu kiasi gani. Mishale mingi pamoja, kila mmoja mahali pake, ndiyo watu wa hesabu wanaita uga wa vekta. Jina linatisha, lakini mtu yeyote aliyeona moshi wa mtaa mzima ukilala upande mmoja saa ya kupika, ameshauona uga wa vekta.

Hapa Kakuma kuna kijana wa Uvira anayejifunza lugha ya Python. Mimi ni wa Nyakabiga, Bujumbura, ng'ambo ya ziwa kwao, kwa hiyo ananiita yaya na ananiletea kazi zake nizikague. Anachora kwa Matplotlib, maktaba ya programu ambayo ni ya bure. Ndani yake kuna amri inayoitwa quiver, yaani podo, ule mfuko wa mishale ya mwindaji. Alitaka kuchora upepo kutoka kwetu mpaka hapa, wa siku moja ya Julai.

Data aliipata bure pia, ile inayoitwa ERA5, ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa. Inatoa namba za upepo kwa kila robo ya nyuzi, kama kilomita 28 kutoka nukta hadi nukta. Akakata kipande: nyuzi 6 kaskazini hadi nyuzi 6 kusini, na nyuzi 28 hadi 38 mashariki. Humo Ziwa Turkana limo, Ziwa Viktoria limo, Burundi imo, na ncha ya juu ya Tanganyika imo.

Ramani ikatoka bila ujumbe wa kosa hata mmoja. Akaniambia, "Yaya, programu haijalalamika, basi iko sawa." Hapana bwana. Programu ikikataa kazi, afadhali unajua kuna tatizo. Ikichora vizuri kitu kisicho kweli, nani atakuambia?

Jambo la kwanza lilikuwa msongamano. Kipande kile kina safu 49 na nguzo 41, yaani mishale 2,009 kwenye picha moja. Ilionekana kama nywele ambazo hazijachanwa. Dawa yake ni rahisi, unachukua nukta moja katika kila nne, inabaki mishale 143 inayosomeka. Lakini ukipunguza hivyo, nukta iliyo karibu zaidi na Bujumbura inatupwa. Mji wetu mzima ulikuwa nukta moja tu, na hiyo moja ikaondoka. Tukairudisha kwa mkono, na ya Kakuma pia.

La pili lilikuwa baya zaidi. Mishale mirefu kuliko yote ilikaa Tanzania, kati ya Ziwa Natron na Arusha. Hapa Turkana hatuhitaji profesa kutuambia upepo mkali uko wapi, tunaula pamoja na vumbi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia, na upepo wa kusini mashariki unabanwa humo unapita kwa kasi. Ndiyo sababu upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani, wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Sasa upepo huo umefikaje Arusha?

Tukafungua mistari yake. Alikuwa ameipa quiver namba za upepo peke yake, bila kuiambia kila nukta iko wapi duniani. Ukifanya hivyo inahesabu safu yenyewe, na safu ya kwanza inaiweka chini. Lakini faili la ERA5 linaanza kaskazini na kushuka kusini. Kwa hiyo kaskazini ikawa chini, kusini ikawa juu, na kwa vile kipande kilikatwa sawasawa pande zote za ikweta, kila mahali pakapewa upepo wa mwenzake wa ng'ambo ya ikweta. Loiyangalani ikaangukia kaskazini ya Arusha. Bujumbura ikapewa upepo wa maeneo ya Garamba, Congo. Dawa: andika longitudo na latitudo kabla ya namba za upepo, kila mshale urudi kwao.

La tatu ni urefu. Alichora ramani mbili, ya usiku na ya mchana, na zote mbili zilionekana zina nguvu sawa. Quiver usipoiambia kitu inajichagulia kipimo yenyewe ili mishale ipendeze kwenye picha hiyo. Usiku uliotulia inauvuta, mchana wenye upepo inaupunguza. Mshale wa sentimita moja hapa si sawa na wa sentimita moja pale. Unatakiwa kufunga kipimo kimoja kwa ramani zote, halafu pembeni uweke mshale wa mfano wenye namba: huu ni mita 5 kwa sekunde. Bila huo mshale wa mfano, urefu hausemi kitu.

La nne ndilo lililonigusa. Alitaka ramani ya saa kumi na mbili asubuhi, saa ya mapambazuko. Nikaangalia nukta yetu: mshale unatoka ziwani unapanda milimani. Nikamwambia, asubuhi hii si ya Nyakabiga.

Nyakabiga iko kati ya ziwa lililo chini na milima ya Mumirwa iliyo juu. Mama alikuwa anawasha imbabura nje kabla hatujaamka, na asubuhi moshi uliteremka kuelekea ziwani. Mchana alihamisha imbabura upande wa pili wa mlango, kwa sababu moshi ulikuwa umegeuka na sasa unapanda. Hatukuwahi kuliita jambo hilo sayansi. Ilikuwa ni kuzuia macho ya watoto yasiungue. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku milima inapoa, hewa baridi inateremka ziwani.

Kijana akabisha. "Hapana yaya. Kwetu asubuhi inatokaka magharibi, kwa milima. Wewe uko unasema mashariki." Tulibishana mpaka watu wakatucheka, halafu tukaona kwamba wote tuna haki. Milima yao iko magharibi, yetu mashariki, ziwa liko katikati. Asubuhi hewa inateremka kutoka pande zote mbili kwenda majini. Mshale mmoja usingeweza kusema ukweli wa Uvira na wa Bujumbura kwa pamoja. Ndiyo maana unahitaji uga mzima.

Basi tukatafuta kwenye faili, tukaona. Aliandika 12, kwa sababu kwa Kiswahili asubuhi ile ni saa kumi na mbili. Faili linahesabu kwa saa ya dunia, na 12 yake kwa Bujumbura na Uvira ni saa nane mchana, kwa Kakuma ni saa tisa. Saa kumi na mbili asubuhi ya kwetu ni 4 kwenye faili. Akabadilisha namba moja, mshale wa nukta yetu ukageuka kuelekea ziwani.

Nyakabiga niliiacha 2015. Wanaojua Desemba ya mwaka ule mtaani kwetu wanaijua, sitaieleza hapa. Ninachosema ni kwamba miaka yote hii nilidhani ninayoyakumbuka ya kule yanafaa kwa maombolezo tu. Siku ile yalifaa kusahihisha ramani. Kompyuta haikuwa na namna ya kujua kwamba ile siyo asubuhi. Mtoto wa aliyewasha imbabura alijua.

Mwishoni akaongeza rekodi za vituo vya hali ya hewa, na mishale yake yote ikaelekea kinyume na ile ya ERA5. Watu wa hali ya hewa wanataja upepo kwa mahali unakotoka: 135 maana yake unatoka kusini mashariki. Mshale unachora unakokwenda. Lazima uweke alama ya kutoa mbele ya sin na cos, na pembe uigeuze radiani kwanza, la sivyo mishale inatawanyika ovyo. Kijana akacheka: "Kumbe upepo nao wanaandikishaka kama sisi. Swali ni umetoka wapi."

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, ninyi pia mna ramani za mishale, na mishale hiyo ni sisi. Kufikia 2017 Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wamekimbia, wakachorwa kwa mishale minne au mitano minene. Siwalaumu, ukurasa ni mdogo. Ila mwulize aliyechora: unene huu una kipimo gani? Nukta zipi zimeachwa? Tarehe ni ya lini? Halafu, kabla ya kuchapisha, mwonyesheni mtu aliyesimama pale mshale unapoanzia.

Sisi bado tunaendelea kusini. Kama wewe ni wa Rumonge, Baraka, Kalemie au Kigoma, na unakumbuka moshi wa kwenu ulikuwa unalala upande gani asubuhi na jioni, njoo utuambie. Hauhitaji kujua kompyuta.