Siki, Misumari na Strungi

Saipras ni mbao yenye kiburi. Kwa randa haina shida. Shida ni rangi: sehemu moja inafyonza kama sponji, nyingine inakataa kabisa, unabaki na kitu chenye madoa kama ng'ombe.

Yangu ilikuwa na shida ya ziada: mafuta. Zile mbao mbili, unene inchi mbili, zilikuwa meza ya Mama ya kusukumia chapati hapa Kibera, hadi Julai 2018, matingatinga yalipokuja kufungua njia ya barabara. Kibanda kiliisha asubuhi moja. Meza tuliiokoa. Mama akarudi Kakamega, meza ikabaki imeegemea ukuta wangu, mpaka siku nilipochora juu yake umbo la gitaa la umeme. (Wanubi walipaita hapa Kibra, yaani msitu. Siku hizi mbao tunanunua kwa futi.)

Nilipiga msasa namba 80, 120, kisha 240, nikifuata nyuzi za mbao, nikapangusa kwa thina. Mafuta yalitoka, isipokuwa duara moja pale karai lilipokuwa likikaa.

Rangi sikununua. Misumari ya meza yenyewe, imejaa kutu, niliiloweka kwa siki wiki nzima, mfuniko nimeulegeza maana kunatoka hewa. Nikapaka mbao strungi nzito, ikakauka, ndipo nikapitisha ile siki. Saipras haina tanini ya kutosha. Majani ya chai ndiyo yanaileta, na ikikutana na chuma, mbao inageuka ukiangalia: kijivu, halafu karibu nyeusi. Lile duara halikushika. Lilibaki kahawia.

Vanishi ilinipeleka Kawangware. Kwangu vumbi halilali, na huko kuna fundi mwenye kompresa, anapulizia fremu za sofa. Aliigeuza bodi mara mbili.

"Kijana, hapa kuna doa. Tupige nyeusi tupu, ikae kama ya duka."

"Hapana fundi, liache."

"Watu wataona wadhani ni kazi yangu."

Namwelewa. Hana bango wala risiti. Kazi ikitoka mlangoni, hiyo ndiyo jina lake. Tulibishana mpaka chai ya saa nne ikapoa. Wengine husema vanishi nene inaua sauti, lakini kwa gitaa la umeme sauti karibu yote ni nyuzi na pikapu (si ile ya kubeba mchanga), kwa hivyo siwezi kudai nilikuwa natetea muziki. Nilikuwa natetea duara.

Mwishowe akapuliza vanishi isiyo na rangi, makoti matatu membamba, kila moja likikauka napitisha msasa 400 polepole. Sharti lake: nisimtaje kwa mtu.

Duara liko chini ya daraja, pale mkono wa kulia unapopumzika. Nilimtumia Mama picha, akapiga simu hapo hapo. Gitaa hakuliulizia.

"Na miguu ya meza," akasema, "umeiweka wapi?"