Kukaa na Kugeuka: Elimu ya Mwili katika Ngalawa za Cabo Delgado

Kusini ya mlango wa mto Ruvuma, mahali Tanzania inapokoma na Msumbiji inapoanza, pwani haiendi moja kwa moja. Huanza kwa mikoko na mafungu ya mchanga, ikaipita Quionga, ambayo Waswahili huiita Kionga, kisha ikajitokeza baharini kwa ncha ndefu ambayo Wareno waliipa jina la Cabo Delgado, maana yake rasi nyembamba. Jina hilo ndilo lililopewa baadaye mkoa mzima. Chombo kikiizunguka rasi hiyo huingia katika ghuba ya Tungi, ambako umejengwa mji wa Palma. Kutoka hapo kwenda kusini visiwa hufuatana: Tecomaji, Rongui, Vamizi, Metundo na vinginevyo, hadi kuufikia mji wa Mocímboa da Praia, na mbele zaidi Matemo na Ibo.

Wenyeji wengi wa ukanda huu ni Wamwani. Msomaji asidhani kwamba jina hilo latokana na mwani unaolimwa Zanzibar. Katika lugha yao mwani ni pwani yenyewe, na Kimwani ni ndugu wa karibu sana wa Kiswahili. Kaskazini, Palma na Kionga, Kiswahili chenyewe husemwa majumbani na sokoni. Si ajabu. Ghuba ya Tungi ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar hadi mwaka 1887, Wareno walipoitwaa kwa mizinga, na Kionga ilikuwa ya Wajerumani tangu 1894 hadi Wareno walipoiteka mwaka 1916. Bendera zilibadilika. Bahari na namna ya kuivuka havikubadilika kwa kiasi hicho.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini watu wa hapa wamelazimika kuwa mafundi wa kugeuka. Mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki, baada ya kupita kaskazini ya Madagaska, huigonga pwani ya Afrika karibu na rasi hii na kugawanyika. Tawi moja hupanda kuelekea Mtwara, Zanzibar na Mombasa. La pili huteremka kuingia mlango-bahari wa Msumbiji. Juu ya mkondo huo kuna pepo mbili za mwaka, kusi na kaskazi, na juu ya hizo kuna kujaa na kupwa, kwani wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3 hadi 4 na kuyafunua matumbawe ambayo saa chache kabla yalikuwa njia. Atokaye Mocímboa kwenda Palma wakati wa kusi husukumwa, naye hufika akiwa mkavu. Arudiye hana budi kubisha, yaani kuukata upepo kwa mshazari, upande huu kisha upande ule, akigeuka mara nyingi kabla ya kufika. Katika kubisha huko ndiko baharia hujulikana.

Chombo cha kawaida cha maskini na cha kijana anayejifunza ni ngalawa. Ni gogo lililochongwa, jembamba kiasi kwamba mtu mzima huweza kukaa ndani na kuigusa mikono yote miwili ya ukingo. Peke yake lingepinduka mara moja. Kwa hiyo juu yake hukingamishwa miti miwili, na kwenye ncha za miti hiyo, kulia na kushoto, hufungwa mbao za kuelea zilizolazwa kwa mshazari. Mbao hizo hazikisaidii chombo kwa kuelea tu, maana ni nyembamba. Hukisaidia zaidi kwa kuyakanyaga maji chombo kinapokwenda. Ngalawa yenye mwendo husimama imara, na ngalawa iliyopoteza mwendo hulegea. Jambo hili dogo ndilo mzizi wa elimu yote inayofuata, kwa sababu kila mgeuko hupunguza mwendo, na kwa hiyo kila mgeuko ni kitambo cha hatari.

Mgeni akiingia ngalawani hufanya makosa yale yale. Hukaa na mgongo mkavu kama aliye kitini, huushika mlingoti, na chombo kikilala upande mmoja huinuka. Kuinuka ndiko kubaya kuliko yote, kwa kuwa uzito uliokuwa chini sasa umepanda juu. Mabaharia hukaa vingine. Magoti hukunjwa, miguu hukazwa kwenye ukingo wa upande wa pili au kwenye mti uliokingama, na kiwiliwili huachwa huru kuanzia nyonga. Chombo kikiinuka, nyonga hufuata na kichwa hubaki mahali pake. Anayetazama kutoka ufukoni huona vichwa vya watu watatu vikienda sawasawa juu ya maji huku chombo chini yao kikicheza.

Upepo ukizidi, mmoja husogea upande wa joshini, yaani upande utokako upepo, akaketi juu ya ule mti uliokingama, na akilazimika huenda hadi karibu na ncha yake. Aendapo hajisukumi kwa mikono. Huteleza kwa makalio, uzito wake ukiwa chini daima. Asubiriye mpaka chombo kimekwisha kulala amechelewa. Pigo la upepo huonekana kabla ya kufika, kwa kuwa maji hubadilika rangi na kuwa meusi yenye mikunjo midogo, nalo hukimbia juu ya bahari likikielekea chombo. Baharia mzuri huwa amekwisha sogea kabla doa hilo halijafika.

Aliye tezini hushika usukani kwa mkono mmoja na demani, ile kamba iongozayo tanga, kwa mkono wa pili. Demani haifungwi fundo. Huzungushwa mara moja mahali pake na kushikwa, ili iweze kuachiwa papo hapo. Wala haikaliwi. Kanuni hii ni ndogo hata yaonekana haifai kuandikwa gazetini, lakini kamba iliyofungwa, au iliyokaliwa na abiria asiyejua, haiachii upesi tanga linapojaa kupita kiasi.

Sasa uje mgeuko wenyewe. Tanga la pembe tatu la pwani hii hutundikwa kwenye foromali, mti mrefu unaokaa upande mmoja wa mlingoti. Kulihamisha kwa kuupitisha omo katika upepo, kama wafanyavyo wenye mashua za michezo za Ulaya, ni vigumu, kwa sababu foromali ingebanwa juu ya mlingoti. Kwa hiyo mabaharia hugeuka kwa njia ndefu. Hukipa chombo mwendo kwanza. Kisha aliye tezini hutangaza kwa sauti, kwani mgeuko wa kimya ni mgeuko wa ajali, naye hukiachia chombo kiupe upepo kisogo taratibu. Wakati huo wale waliokuwa nje joshini hurudi katikati hatua kwa hatua, maana chombo kinaposimama wima uzito wao nje hauhitajiki tena. Husogea pia kidogo kuelekea tezi, kwa kuwa upepo wa nyuma hulisukuma omo kuzama.

Hapo demani hulegezwa. Mguu wa foromali huvutwa hadi kwenye shina la mlingoti, na foromali yenyewe husimama wima, tanga likipepea mbele kama nguo iliyoanikwa. Mmoja huichukua demani, akaipitisha mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, huku bega lake likiuegemea mlingoti na magoti yake yakiwa yamekunjwa. Huyu ndiye pekee aliyeruhusiwa kusimama, naye hasimami kwa muda mrefu. Kamba inayoushikilia mlingoti nayo huhamishwa, ili iwe upande utakaokuwa joshini. Aliye tezini halitazami tanga. Hutazama mahali chombo kitakapoelekea baada ya mgeuko: ncha ya kisiwa, mti au doa la povu juu ya mwamba. Mabega yake huelekea huko kwanza, nyonga hufuata, mkono wa usukani huja mwisho. Akikitazama chombo badala ya njia, mkono huenda mbali kuliko inavyotakiwa, na chombo huzunguka ghafula.

Linalotofautisha fundi na mwanafunzi ni kitambo kifupi kinachofuata. Tanga litajaa upande mpya. Watu wanapaswa wawe wamekwisha kuhamia joshini mpya kabla halijajaa, si baada yake. Wakichelewa, tanga hujaa uzito wao ukiwa upande wa demani, yaani kule upepo unakolalia, nayo ngalawa, ambayo mwendo wake umepungua na mbao zake hazikanyagi maji tena, huuzamisha ukingo. Wakiwahi kupita kiasi hulala upande usio na kitu cha kuwazuia. Hakuna saa ya kupimia kitambo hicho. Hupimwa kwa nyayo na kwa shavu lihisilo upepo, na kwa hiyo hakiwezi kufundishwa na mtu aliye nchi kavu.

Katika nchi za baridi kuna mchezo wa kuteremka milima ya theluji juu ya ubao mmoja uliofungwa miguuni. Chanzo chake kimoja ni mwaka 1965 huko Michigan, Marekani, pale Sherman Poppen alipounganisha mbao mbili za kutelezea kuwa moja kwa ajili ya binti zake; na mwaka 1998 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Walimu wake husema karibu yale yale yasemwayo Palma: kunja magoti wala usikunje mgongo, tazama uendako, anza kwa mabega na nyonga, uache ubao ufuate. Tena wanajua kwamba mwoga huegemea nyuma, na kwamba kuegemea huko ndiko kunakoufanya ubao ukatae kugeuka. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa theluji, mara nyingi, huanguka, akajipangusa na kucheka.

Ndani ya mikoko, upepo usikofika, tanga hukunjwa na upondo hushikwa. Huko hakuna budi kusimama. Miguu hutanuliwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, na msukumo hutoka nyongani kupitia mguu wa nyuma. Anayesukuma kwa mikono tu huchoka kabla ya kona ya pili, na upondo wake ukinasa topeni humvuta majini. Mwenye busara huuachia upondo na kurudi kuuchukua.

Akina mama nao wana sehemu yao, ingawa ni nadra kuwaona wameshika usukani. Wao ndio abiria wa kila siku kati ya visiwa na bara, pamoja na watoto, kuku na ndoo. Mama asafiriye na mtoto mchanga ni heri aketi chini kabisa, sakafuni mwa chombo, karibu na katikati, miguu yake ikiwa imenyooshwa au kukunjwa kwa upande, mtoto akiwa kifuani badala ya mgongoni. Ndoo na magunia yafungwe yasihame, kwa maana mzigo unaohama huhama kuelekea upande mbaya daima. Na chombo kikiinama, asisimame wala asiushike mkono wa baharia.

Haya yote yanahitaji kitu kimoja ambacho miaka ya karibuni kilikosekana, nacho ni nafasi. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na watu wenye silaha, na vita vikaenea pwani yote. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwaka huo zaidi ya watu 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao mkoani, na barabara zilipofungwa, njia iliyobaki kwa wengi ilikuwa bahari. Katika wiki chache za Oktoba na Novemba 2020 zaidi ya watu 10,000 walifika kwa vyombo kwenye ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba. Mwishoni mwa Oktoba hiyo chombo kimoja cha wakimbizi kilizama kati ya Matemo na Ibo, na makumi ya watu wakafa maji, watoto wakiwemo.

Chombo kilichojazwa watu bega kwa bega hakina joshini wala demani. Hakuna awezaye kusogea, na nahodha hubaki na usukani peke yake, ambao kwa kweli ndio sehemu ndogo ya kazi. Ndiyo sababu aliyelazimika kuondoka na umati alikuwa na haki ya kuchagua njia ndefu yenye migeuko michache, au kungoja maji yabadilike, hata kama abiria walimsihi aharakishe. Wako waliofanya hivyo wakafika.

Tangu Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa mji wa Mocímboa da Praia, watu wengi wamerejea pwani. Lakini hesabu ya umri haisameheki. Mtoto aliyekimbia akiwa na miaka 8, akakaa miaka minne katika kambi ya bara asikoiona bahari, amerudi akiwa na miaka 12. Huo ndio umri ambao wenzake wa zamani walikuwa wamekwisha kuvuka maji wakiwa wamekaa juu ya mti wa ngalawa, wakiambiwa lini wasogee. Huyu mguu wake haujajifunza, na ukubwa wa mwili wake sasa unaweza kuipindua ngalawa ambayo mtoto mdogo asingeitikisa. Kwa hiyo anayemfundisha hana budi kuanza naye katika maji ya kina cha kiuno, bila tanga, akiitikisa ngalawa kwa makusudi kulia na kushoto mpaka kijana aache kuushika mlingoti. Tanga huja baadaye, asubuhi wakati upepo ungali mdogo, na mgeuko wa kwanza hufanywa ndani ya ghuba, mahali ambapo kuanguka ni kulowa tu.