Swali la Mtoto Juu ya Wayahudi

Muda mrefu sikuandika neno katika gazeti letu, wala si kwa kukosa la kusema, ila kwa haya. Leo nimeona vema niwaandikieni habari ya kosa langu mwenyewe, maana nadhani wako wenzangu katika kazi ya ualimu waliokosa kama mimi pasipo kujua.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, katika nchi ya Mbeya, nami nimefundisha miaka mingi upande wa Iringa, huko Mufindi. Siku moja wakati wa Kwaresima nalikuwa na watoto wa kipaimara, tukisoma habari za mateso ya Bwana wetu. Mvulana mmoja alikuwa na hindi la kuchoma katika mfuko wake, akalitafuna kwa kificho, asimpe mwenzake aliyekaa ubavuni pake. Nikamwona, nikakasirika, nikamwambia mbele ya wote, "Yahudi we!" Watoto wakacheka. Neno hilo nalilisikia tangu utoto wangu likitumika kwa mtu mchoyo au mtu asiye na huruma, wala sikupata kulifikiri hata siku moja.

Ndipo msichana mmoja mpole, asiye na desturi ya kusema, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, Bwana Yesu naye si Myahudi?" Nikajibu kwamba ndivyo, kwa mwili alizaliwa Myahudi, na mama yake vilevile, na mitume kumi na wawili. Akauliza tena, "Basi hao Wayahudi, hekalu lilipovunjwa, walikwenda wapi?"

Nikanyamaza. Habari zao nalizijua tangu Ibrahimu hata mwisho wa Matendo ya Mitume. Kisha nalizijua tena kwa redio, iliposema juu ya vita vya nchi ya Israeli. Katikati pana miaka kama elfu moja na mia tisa, nami sikujua hata neno moja. Nikasema tutaendelea Jumamosi ijayo, nikawaaga watoto. Usiku ule usingizi haukuja upesi.

Nikamwendea mchungaji mmoja mzee aliyestaafu, mwenye vitabu vingi, akaniazima, nami nikasoma kwa majuma mengi. Hayo niliyoyapata nawaandikieni kwa ufupi.

Mwanzo wake twaujua sote. Mwaka 586 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli aliuteketeza mji wa Yerusalemu, akawahamisha watu pamoja na vyombo vya hekalu. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi akaishinda Babeli, akawapa wahamishwa ruhusa ya kurudi, na vile vyombo vikarudi pamoja nao. Sisi wa Iringa twaweza kuyafahamu hayo kuliko wengi, maana tunakumbuka habari ya kichwa cha Mtwa Mkwawa, kilichochukuliwa Ujerumani baada ya kufa kwake mwaka 1898, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Kitu kilichochukuliwa na adui hakisahauliki kwa sababu miaka imepita.

Kisha wakaja Warumi. Mwaka 70 Tito, jemadari wao, akalivunja hekalu la pili. Mwaka 132 Wayahudi wakaasi tena, wakiongozwa na mtu aitwaye Bar Kokhba. Mwaka 135 wakashindwa kabisa, na Kaisari Hadriani akawakataza kukaa Yerusalemu. Hapo ndipo sisi walimu tunapofunga kitabu, kana kwamba watu wale walikufa wote. Lakini hawakufa. Mwalimu wao mmoja, Yohanani ben Zakai, alikuwa amekusanya wanafunzi katika mji mdogo uitwao Yamnia. Hapakuwa na hekalu, wala dhabihu, wala mfalme. Wakashika kusoma, na kusali, na kufundisha watoto. Maneno ya wazee, yaliyokuwa yakipokewa kwa mdomo, yalikusanywa hata kupata mwaka 200 hivi yakawa kitabu kiitwacho Mishna. Na baadaye, huko Babeli na katika nchi yao pia, maelezo yake yakawa Talmudi. Enyi walimu wenzangu, fikirini jambo hili. Taifa lilinyang'anywa kila kitu kinachoonekana kwa macho, likahifadhiwa na darasa.

Sasa nafika penye maneno magumu, nami naomba msiyaruke. Baada ya miaka 300 hivi dola ya Rumi iliingia katika imani ya Kristo, na tangu hapo waliowaonea Wayahudi mara nyingi walikuwa watu waliobatizwa. Mwaka 1096 makundi ya wapiganaji wenye alama ya msalaba mavazini, waliokuwa njiani kwenda Yerusalemu, waliwaua Wayahudi wengi katika miji ya Worms na Mainz kandokando ya mto Rhine. Mwaka 1290 mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza wote katika Uingereza. Mwaka 1492 mfalme na malkia wa Uhispania waliwaambia wachague ubatizo au kuhama. Maelfu kwa maelfu wakahama, na wengi wao wakapokewa katika nchi za Sultani wa Waturuki, ambaye alikuwa Mwislamu.

Nikasoma tena, nikafika kwa Martin Luther, ambaye jina lake tunalitamka kwa heshima katika makanisa ya nchi hii. Mwaka 1543, katika uzee wake, aliandika kitabu juu ya Wayahudi. Humo aliwashauri watawala wayachome masinagogi yao, wazibomoe nyumba zao, na kuwanyang'anya vitabu vyao vya sala. Nalipoyasoma hayo nikakiweka kitabu chini, nikatoka nje nikasimama penye baridi. Mtu aliyetupatia neno la neema, mkono wake huo huo uliandika hayo. Nikakumbuka neno langu, "Yahudi we!" nikaona kwamba dhambi ni ile ile, tofauti ni kwamba yeye alisikiwa na mataifa, nami nalisikiwa na watoto wachache.

Lakini si vema kuficha hata lililo jema. Mwaka 1983, miaka 500 baada ya kuzaliwa kwake Luther, wajumbe wa Walutheri wa dunia walikutana na Wayahudi huko Stockholm, na Walutheri wakakiri kwamba maneno yale yalikuwa dhambi, wakayakataa. Na rais wa Ushirika wa Makanisa ya Kilutheri duniani wakati huo alikuwa ni nani? Alikuwa ndugu yetu Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1977. Basi toba hiyo si ya Wazungu peke yao. Nasi tumo ndani yake.

Nalidhani habari hizi ni za mbali, za ng'ambo ya bahari. Kumbe zilikuwa zimefika mpaka mlangoni petu. Sikilizeni.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala katika Ujerumani, nchi ya hao ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Wayahudi wa nchi ile walikuwa kama 500,000, hata mmoja katika mia hawakutimia, naye akawatwika lawama ya taabu zote. Wakatafuta pa kukimbilia. Mwezi wa Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 wakakutana Evian katika Ufaransa kushauriana habari zao. Karibu wote wakatoa pole, kisha wakatoa udhuru. Usiku wa tarehe 9 Novemba mwaka ule, na siku ya pili yake, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto kwa mamia, na wanaume kama 30,000 wakakamatwa. Tarehe 10 Novemba ndiyo siku aliyozaliwa Luther.

Basi tarehe 21 Novemba 1938 Neville Chamberlain, Waziri Mkuu wa Uingereza, akasimama katika Bunge la London akitaja mahali ambapo wakimbizi wale wangeweza kupewa makao. Akataja Tanganyika: kiasi cha eka 50,000, katika Jimbo la Magharibi na katika jimbo letu hili la Nyanda za Juu za Kusini. Ndugu zangu, ni huku kwetu. Ni nchi hii ya Mbeya na Iringa, ya baridi na ukungu, tunayolima mahindi na chai.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Baba yake, Joseph Chamberlain, alipokuwa Waziri wa Makoloni, aliwatolea Wayahudi nchi ya Uasin Gishu katika Kenya mwaka 1903, mwaka ule walipouawa wenzao wengi katika mji wa Kishinev. Mkutano wao mkuu ukatuma watu waende kuitazama nchi, kisha mwaka 1905 ukaikataa, kwa kuwa moyo wao ulikuwa kwa Yerusalemu. Baba alitoa nchi ya Wanandi na Wamasai. Mwana akatoa nchi ya huku. Wote wawili walitoa wakiwa London, na katika Bunge lile hapakuwa na kiti cha Mnandi, wala cha Mhehe, wala cha Mbena, wala cha Mnyakyusa.

Hapa nalisumbuka moyo, nami nawaambieni kweli. Upande mmoja nalisema: ni nani huyu agawaye shamba la mwenziwe? Upande wa pili nalisema: watu walikuwa katika nyumba inayowaka, nao wakaonyeshwa mlango, na mlango haukufunguliwa. Maana mashamba yale hayakupata kukaliwa na makundi yale ya wakimbizi. Maneno yalikwenda na kurudi, hata Septemba 1939 vita vikaanza, na njia ikafungwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi milioni sita wa Ulaya walikuwa wameuawa, na watoto kati yao walipita milioni moja.

Nisingeweza kusema kwamba nchi yetu haikuwa na nafasi. Tangu mwaka 1942 Wapolandi waliohamishwa na Warusi, wakafunguliwa na kupita Uajemi, waliletwa Tanganyika kwa maelfu. Kambi zao nyingine zilikuwa hapa hapa: Ifunda karibu na Iringa, na Kidugala upande wa Njombe. Walikuwa wengi wao wanawake na watoto, nao walijengewa nyumba, na shule, na makanisa. Nafurahi kwamba walipokewa. Lakini kila nipitapo Ifunda katika basi nahesabu miaka: tangu 1938 mpaka 1942 ni minne tu.

Mwaka 1948 nchi ya Israeli ilisimamishwa. Waliosalia wakapata makao, na katika vita vya mwaka ule Waarabu wa Palestina wapatao 700,000 wakapoteza makao yao, na kilio chao hakijanyamaza. Siandiki haya ili mtu achague upande kwa ushabiki. Nayaandika ili mtu awaye yote asiseme kwamba machozi ya hawa ni maji, na ya wale ndiyo machozi.

Wala msidhani kwamba Wayahudi ni Wazungu tu. Jirani zetu wa Uganda wanao ndugu waitwao Abayudaya, karibu na Mbale. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari na Mkristo, akasoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akashika Torati. Idi Amin aliwakataza ibada yao, nao wakavumilia. Wapo hata leo.

Nalipomaliza kusoma nikarudi darasani. Nikamwita yule mvulana wa hindi mbele ya wenzake, nikamwambia, "Mwanangu, nalikutukana kwa jina la kabila la Bwana wetu. Nimekukosea wewe, nimewakosea na wao. Unisamehe." Akainama kwa haya, akasema, "Nimekusamehe, mwalimu," kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata yeye angalimgawia mwenzake. Yule msichana nikamjibu swali lake kwa Jumamosi nne mfululizo, nikiwaonyesha katika ramani ya dunia njia zote walizopita.

Basi nawasihi, ndugu walimu, mkifundisha habari za mateso ya Bwana, msiseme "Wayahudi walimwua" kana kwamba ni taifa zima, na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Waliopiga misumari walikuwa askari wa Rumi. Waliomlilia njiani walikuwa binti za Yerusalemu. Nanyi akina baba na akina mama, msikieni mtoto anapotumia jina la kabila la watu kuwa tusi, liwe la Wayahudi au la jirani wa bonde la pili, mkamkataze kwa upole, na kumwuliza, "Wajua habari zao?" Kisha someni pamoja sura ya 11 ya Waraka kwa Warumi, habari ya mzeituni na matawi yaliyopandikizwa. Sisi ndio matawi yale, na shina hatukulipanda sisi.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.

Ni mimi, mwalimu mwenzenu.