Ng'ombe wa Unga

Mke wangu alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, akauliza, "Mwalimu, unga unachezewa?" Sikuwa na jibu la haraka. Wajukuu watatu, waliokuja Singida kutoka Dodoma kwa ajili ya Krismasi, walikuwa wameketi mkekani, na mbele yao palikuwa na sufuria, vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kizima cha chumvi.

Aliyeishi mkoani kwetu mwaka 1974 haulizi swali kama hilo kwa mzaha. Ukame ulikausha mtama na uwele mashambani, tena ndicho kipindi watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Mama yangu alikuwa akikung'uta gunia juu ya ungo ili hata vumbi la unga lisipotee. Mke wangu aliyaona hayo kwao. Basi nikamwonyesha unga wenyewe: ulikuwa umekaa tangu Pasaka, umeingiwa na wadudu, nami nilikuwa nimeuchekecha mara mbili. Akaunusa, akanyamaza. Kunyamaza kwake ni ruhusa, ila ni ruhusa yenye masharti.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unga na chumvi huchanganywa vikavu, kisha hutiwa vikombe viwili vya maji, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, ambayo kwetu hayakosekani, na maji ya ndimu. Hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria. Likipoa kidogo hukandwa kama unga wa chapati. Nusu tuliipika kwa maji ya choya, tukapata wekundu wa sikukuu, na nusu kwa binzari. Mdalasini tuliongeza kwa ajili ya harufu tu. Chumvi ndiyo inayozuia donge lisioze upesi, na ndiyo inayolifanya lisifae kuliwa, maana chumvi nyingi kiasi hicho yaweza kumdhuru mtoto, hata mbwa. Niliwaeleza wajukuu. Yule mdogo, wa miaka minne, alilamba hata hivyo, akatema, somo likaisha.

Mikono ilipoingia katika donge lile la vuguvugu, kelele zilikatika. Yule mdogo akaanza kufinyanga ng'ombe, nundu kubwa kuliko kichwa. Hapo moyo ukanishtuka.

Mwaka 1978 nilikuwa mwalimu mkuu kijana. Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, madarasa yamefurika, nami niliamini kwamba ukimya ndio elimu. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alikuja na ng'ombe wa udongo mfukoni, kama wafanyavyo watoto wa wafugaji mvua zikinyesha. Nilimnyang'anya, nikambamiza yule ng'ombe ukutani. Mtoto hakulia. Aliokota pembe moja, akaenda kuketi. Baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu, na hatimaye nikawa mkuu wake. Huko niliwaambia wanachuo, tena kwa sauti kubwa, kwamba mtoto hujifunza kwa kushika, na kwamba vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Habari ya ile pembe sikuwasimulia.

Mke wangu, baada ya kupita pale mara tatu akijifanya anatafuta mwiko, aliketi mkekani. "Nipeni na mimi kidogo, chekundu." Akafinyanga chungu chenye shingo, mfano wa vile vya mama yake, na watoto wote wakamhamia. Mimi nikaachiwa kuosha sufuria.

Siku mbili baada ya Krismasi ng'ombe wa yule mdogo alikauka akapasuka shingoni. Mtoto alinijia akiwa na kichwa mkono mmoja na kiwiliwili mkono wa pili.

"Babu, amekufa?"

Nililowesha kidole, nikapaka maji pande zote mbili, nikabana. Nilibana muda mrefu kuliko ilivyohitajika, huku nikimfukuza jogoo kwa mguu asije akadonoa ile chumvi.